Maisha ya Renoir, Mchoraji Aliyeugua Baridi Yabisi

Katika toleo hili napenda kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Ufaransa aliyefariki zamani, jina lake Pierre-Auguste Renoir. Alikuwa mchoraji wa picha, na sifa zake zimeenea dunia nzima. Lakini sikumchagua kwa ajili ya sifa zake. Nimemchagua kwa ajili ya mikono yake, na sababu yake nitaieleza kwanza.

Siku moja mwalimu wetu wa sanaa alileta darasani kitabu kikubwa cha picha. Nilipokuwa nikifungua kurasa zake nilikuta picha ya kamera ya mzee mmoja mwembamba, mwenye ndevu nyeupe na kofia kichwani, ameketi katika kiti cha magurudumu. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kuelekea kiganjani kama kucha za kipanga. Nilishtuka, kwa maana mikono ile niliijua. Ilikuwa kama mikono ya bibi yangu, mzaa mama.

Bibi yangu kazi yake ni kusuka vikapu. Tangu nilipokuwa mdogo vikapu vyake vimelipa karo za watoto wengi wa nyumba yetu, na mimi ni mmoja wao. Basi miaka minne iliyopita vidole vyake vilianza kuvimba, vya mkono wa kulia na vya mkono wa kushoto pamoja. Asubuhi hakuweza kukunja ngumi mpaka jua limepanda. Kwanza tulisema ni uzee. Kisha tukasema ni baridi ya milimani kwetu. Mwisho wake yakaja maneno mabaya. Bibi alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yetu, mama mmoja mjane, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mjane yule ndiye aliyemfunga bibi mikono. Nakiri kwa aibu kwamba hata mimi niliamini. Mwaka mzima nilipita mlangoni pake bila kumwamkia.

Nilimwuliza mwalimu juu ya yule mzee wa kitabuni, ni nani aliyemloga. Mwalimu hakucheka. Alinipa kitabu nikakae nacho, akaniambia nisome kwanza maisha ya mzee yule, ndipo nimwulize tena. Haya ndiyo niliyoyasoma.

Renoir alizaliwa tarehe 25 Februari 1841 katika mji wa Limoges, ambao unajulikana sana kwa vyombo vya kaure. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na mama yake pia alikuwa mshonaji. Hawakuwa watu wa mali. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi wazazi walihama wakaenda kukaa Paris. Alipofika miaka 13 alitolewa shuleni, akawekwa katika karakana ya kaure ajifunze kupamba sahani na vikombe kwa maua na picha ndogo ndogo. Kazi ile yataka mkono mtulivu na brashi nyembamba, na kijana akaiweza upesi. Lakini baada ya miaka michache zilikuja mashine za kupiga chapa picha juu ya vyombo, na kazi ya mkono haikulipa tena. Renoir akaenda kuchora mapepeo ya mabibi na mapazia ya madirisha ili apate riziki.

Alidunduliza fedha zake kidogo kidogo, na mwaka wa 1862 akaingia Chuo cha Sanaa cha Paris. Pia alijifunza kwa mchoraji mmoja aliyeitwa Charles Gleyre. Huko alikutana na vijana watatu waliokuwa rafiki zake wakubwa: Claude Monet, Alfred Sisley na Frédéric Bazille. Vijana hawa hawakupenda kujifungia ndani na kuchora mambo ya hadithi za kale. Walitoka na vifaa vyao wakaenda msituni na kando ya mito, wakajaribu kuchora mwanga wa jua kama jicho linavyouona, jinsi unavyocheza juu ya maji na majani. Walikuwa maskini sana, na siku nyingine Renoir hakuwa hata na fedha za kununua rangi. Mwaka wa 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Renoir alitiwa katika jeshi la wapanda farasi, akaugua sana ugonjwa wa kuhara damu, lakini akapona. Rafiki yake Bazille aliuawa vitani mwezi wa Novemba mwaka ule ule.

Mwaka wa 1874 Renoir na wenzake walifanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris, kwa sababu wakubwa wa maonyesho ya serikali walikuwa wakizikataa picha zao mara kwa mara. Watu wengi waliwacheka. Mwandishi mmoja wa gazeti aliwapa jina la dhihaka, Waimpreshonisti, akilitoa katika jina la picha moja ya Monet. Wao wakalichukua jina lile, na leo ni jina la heshima katika kila chuo cha sanaa. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1876, Renoir alichora picha kubwa ya watu wakicheza dansi siku ya mapumziko katika bustani ya Moulin de la Galette, na jua likipenya katika majani na kuangukia nguo zao kama madoa ya maziwa. Mwaka wa 1879 picha yake ya Bibi Charpentier na watoto wake ilisifiwa sana katika maonyesho ya serikali, na tangu hapo njaa ikaanza kumwacha.

Mwaka wa 1881 alivuka bahari akafika Algeria, katika bara letu la Afrika, akaustaajabia mwanga wa huko. Mwaka huo huo akaenda Italia kutazama kazi za wachoraji wakubwa wa kale. Alirudi na mashaka moyoni, akaona kwamba bado hajui kuchora vizuri, akaanza kujifunza tena ingawa alikuwa mtu wa miaka 40. Nilipenda sana habari hii. Mwaka wa 1890 alifunga ndoa na Aline Charigot, ambaye alikuwa mshonaji wa nguo, na wakajaliwa wana watatu: Pierre, Jean na Claude.

Mwaka wa 1892 serikali ya Ufaransa ilinunua picha yake ya wasichana wawili kwenye piano, iwekwe katika nyumba ya makumbusho. Renoir alikuwa na umri wa miaka 51. Kijana wa fundi cherehani, aliyechekwa na magazeti, sasa alikuwa ameheshimiwa na taifa lake. Lakini dunia haimpi mtu mambo mawili mema kwa pamoja. Karibu na wakati ule ule viungo vyake vilianza kuuma na kuvimba.

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo pamoja nami, tuuangalie ugonjwa wenyewe. Katika Kiswahili twauita baridi yabisi, na jina hili twalitumia kwa maumivu mengi ya viungo. Aina iliyompata Renoir, kwa maoni ya waganga waliochunguza picha zake na barua zake, ni ile iliyoelezwa mjini Paris mwaka wa 1800 na daktari kijana aitwaye Augustin Landré-Beauvais, na ambayo Mwingereza Alfred Garrod aliipa jina lake la kitaalamu mwaka wa 1859. Nusu ya jina letu ni kweli: viungo huwa yabisi, yaani hukauka na kukakamaa, hasa asubuhi. Nusu ya pili hutudanganya. Baridi yaweza kumzidishia mgonjwa maumivu, lakini si baridi iletayo ugonjwa huu.

Kiungo cha mwili kimejengwa kwa akili nyingi. Ncha za mifupa miwili zimefunikwa kwa gegedu, kitu kilaini na chenye kuteleza, ili mfupa usisage mfupa. Kiungo chote kimezungushiwa mfuko, na ndani ya mfuko ule mna utando mwembamba sana. Katika mtu mzima wa afya tabaka la juu la utando huo lina unene wa seli moja mpaka tatu tu. Kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha kiungo, kama vile fundi anavyotia mafuta katika ekseli ya baisikeli.

Sasa, mwili una askari wake, yaani seli nyeupe za damu, ambao hutulinda na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hukosea. Hushindwa kutofautisha adui na mwenye nyumba. Baadhi ya protini za mwili hubadilika umbo kidogo, na askari huziona kama kitu kigeni, wakatengeneza kingamwili za kuzishambulia. Kwa wagonjwa wengi kingamwili hizo huweza kuonekana katika damu miaka kadhaa kabla kidole hakijavimba. Kisha vita huhamia viungoni. Seli nyeupe huingia kwa wingi katika ule utando mwembamba, na huko hupeana habari kwa kemikali. Kemikali moja kuu wataalamu huiita kwa herufi tatu, TNF, na nyingine huitwa IL-6 na IL-1. Kila seli inayopata habari hiyo huita wenzake, na wenzake huita wengine. Mishipa ya damu hupanuka, maji hujaa kiungoni, na kiungo huvimba, huwa cha moto na huuma.

Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini utando ule uliokuwa mwembamba huongezeka unene, ukatambaa juu ya gegedu kama gugu linavyotambaa juu ya shamba lililoachwa. Seli zake hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gegedu. Tena huziamsha seli nyingine ambazo kazi yake ya kawaida ni kubomoa mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, na hizo hubomoa kupita kiasi, hata mfupa ukaliwa pembeni. Kano zinazovuta vidole hulegea, na nyingine hukatika. Hapo kidole hupinda, na kikishapinda hivyo dawa haikinyooshi tena.

Msomaji atauliza: kwa nini huyu na si yule? Wengine huzaliwa na jeni zinazowaweka karibu na hatari hii. Moshi wa tumbaku huizidisha, na Renoir alikuwa mvutaji wa sigara. Wanawake huugua mara mbili au tatu zaidi kuliko wanaume. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Niliposoma hesabu hii niliweka kitabu chini. Nilijiuliza, wajane wangapi wangehitajika kuwaloga watu milioni 18?

Turudi kwa Renoir. Mwaka wa 1897 alianguka na baisikeli akavunjika mkono, na baada ya hapo maumivu yalimrudia kwa nguvu. Waganga wa siku zile hawakuwa na silaha. Walimpa dawa za kutuliza maumivu, wakampeleka kwenye chemchemi za maji moto akaoge, na wengine wakampa dawa za kuharisha. Yeye mwenyewe alijaribu kuishika mikono yake isilale. Kila asubuhi alirusha mipira midogo hewani na kuidaka, na alipokuwa hawezi tena mipira alirusha kijiti. Alicheza pia biliadi. Kisha ikafika siku ambapo hata hayo hayakuwezekana.

Kwa ajili ya jua alihamia kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari, katika mji mdogo wa Cagnes. Mwaka wa 1907 alinunua shamba la mizeituni ya kale liitwalo Les Collettes, akajenga nyumba humo. Wanasema alilinunua kwa sababu mizeituni ile ilikuwa hatarini kukatwa. Bustanini alijengewa banda la vioo ili apate kuchora katikati ya miti, jua likiwa juu na upepo ukiwa nje.

Ugonjwa haukungoja. Bega la mkono wake wa kulia lilikakamaa. Vinundu vilitokea chini ya ngozi yake. Alitembea kwa fimbo moja, kisha kwa mbili, na kufikia mwaka wa 1912 alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Mwanawe Jean, ambaye baadaye alikuwa mtengenezaji mashuhuri wa sinema, alisimulia kwamba daktari mmoja aliwahi kumsimamisha baba yake, naye akapiga hatua chache, watu wa nyumbani wakimtazama kwa furaha. Renoir alirudi kitini akakata shauri kutotembea tena. Aliona kwamba kutembea kutamaliza nguvu zake zote, naye alizitaka nguvu zile kwa kuchora.

Wengi husimulia kwamba brashi ilifungwa kwa kamba mkononi mwake. Hiyo si kweli. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja hata kucha zikawa zinaumiza kiganja, na ngozi yake ilikuwa laini mno kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hiyo kila siku mikono ilifungwa vitambaa ili isijeruhiwe. Brashi yenyewe aliwekewa na msaidizi katikati ya vidole, naye akaibana hapo kwa jinsi alivyoweza, akachora kwa kutembeza mkono mzima. Kwa kuwa hakuweza kuinuka wala kunyosha mkono mbali, picha kubwa zilizungushwa juu ya magogo mawili, na msaidizi alikuwa akizisogeza kwa mkono wa chuma, ili sehemu aliyotaka kuichora ije mbele yake. Mwaka wa 1915 alipigwa picha ya sinema akiwa kazini, na sinema hiyo ingalipo. Ndani yake waonekana uso mkali wa mzee, brashi ikienda na kurudi upesi juu ya kitambaa, na mtoto wake mdogo Claude akimsaidia.

Tangu mwaka wa 1913 alifanya hata kazi ya kuchonga sanamu, jambo ambalo mikono yake haikuliweza hata kidogo. Alimpata fundi kijana kutoka Hispania, Richard Guino. Renoir alieleza na kuonyesha kwa fimbo, na Guino akaufinyanga udongo. Zamani watu waliziita sanamu zile za Renoir peke yake, lakini mwaka wa 1973 mahakama kuu ya Ufaransa ilithibitisha kwamba Guino naye ni mwenye kazi ile. Nafikiri ni haki. Mkono unaosaidia nao ni mkono.

Mambo mazito hayakuwa ya viungo tu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, wanawe wawili wakubwa, Pierre na Jean, walikwenda vitani, na wote wawili wakajeruhiwa vibaya. Mama yao Aline alisafiri kwenda kumtazama Jean hospitalini, akarudi amechoka na mgonjwa, akafariki mwezi wa Juni mwaka wa 1915. Renoir alibaki mjane, hawezi kuvaa nguo yake mwenyewe, na usiku maumivu hayakumwacha alale. Asubuhi alipelekwa kwenye banda lake la vioo, akachora. Alichora maua, watoto, na wanawake walioketi juani. Nimezitazama picha za miaka ile mara nyingi, nikitafuta maumivu ndani yake, sikuyaona. Kazi yake kubwa ya mwisho, picha ya wanawake waogaji, aliimaliza mwaka wa 1919, na upana wake ni sentimeta 160. Mwaka huo huo alipelekwa katika nyumba ya makumbusho ya Louvre mjini Paris, akasukumwa kwa kiti chake kutoka chumba hata chumba kama mgeni wa heshima, akaona picha aliyoichora mwenyewe imetundikwa humo. Alifariki nyumbani kwake Cagnes tarehe 3 Desemba 1919, akiwa na umri wa miaka 78. Nyumba ile leo ni jumba la makumbusho, na mizeituni ingalipo.

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa mwalimu, lakini swali langu la kwanza lilikuwa limekufa. Nilikuwa na swali jingine: Renoir angezaliwa katika siku zetu, je, vidole vyake vingepinda? Mwalimu wa elimu ya viumbe ndiye aliyenijibu. Alisema kwamba mwaka wa 1948, huko Marekani, daktari Philip Hench alimpa mgonjwa wa kwanza dawa ya kotizoni, na mwanamke yule aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani akasimama akatembea baada ya siku chache. Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1950. Hata hivyo ilionekana mapema kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu ina madhara makubwa. Baadaye ikaja methotreksati, ambayo Marekani iliikubali rasmi kwa ugonjwa huu mwaka wa 1988. Hii huwapunguza nguvu wale askari waliokosea, na vidonge vyake humezwa siku moja tu kwa juma. Anayevimeza kila siku hujitia katika hatari ya kufa. Katika miaka ya 1990 mjini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walionyesha kwamba ukiizuia ile kemikali ya TNF peke yake, moto wa viungo hupungua kwa wagonjwa wengi. Hakuna dawa ing'oayo ugonjwa huu kabisa. Lakini mgonjwa akianza dawa mapema, kabla mifupa haijaliwa, mara nyingi viungo vyake huokoka.

Neno hilo, mapema, lilinichoma. Sisi tulipoteza miaka mitatu kwa maneno ya uzee, ya baridi na ya uchawi. Nilikwenda nyumbani wakati wa likizo, nikamsimulia mama habari za Renoir kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na picha ya mikono nikamwonyesha. Mama aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Juma lililofuata tulimpeleka bibi hospitalini. Daktari alimpima damu, akampiga picha za mifupa ya mikono, akatuambia ugonjwa ni ule ule. Alisema vidole vitatu vilivyokwisha kupinda havitanyooka tena, lakini vilivyobaki vinaweza kuokolewa. Bibi aliuliza kama angeweza kusuka. Daktari akamjibu kwamba hilo atalijua yeye mwenyewe.

Sasa ni miezi minane. Uvimbe umepungua, na asubuhi bibi hushika kikombe chake cha chai mwenyewe. Hupimwa damu mara kwa mara kama alivyoagizwa, na siku ya dawa ni Jumapili, ili asisahau. Anasuka vikapu vidogo. Nikiwa nyumbani mimi huchana ukindu na kuupenyeza katikati ya vidole vyake, naye huuvuta kwa kifundo cha mkono. Kikapu kimoja humchukua siku nyingi, na bei yake haitoshi karo ya mtoto hata mmoja. Mjomba ndiye anayelipa sasa.

Kuhusu yule mjane, nilikwenda kwake siku ya pili baada ya kurudi kutoka hospitalini. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa mwaka ule mzima. Aliitikia shikamoo yangu. Hakunikaribisha ndani, nami sikumlaumu. Kila nirudipo nyumbani nampitia nimwamkie.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona mama yako, bibi yako, au hata mwenzako wa darasani, viungo vyake vidogo vya mikono vimevimba pande zote mbili, na asubuhi vinakakamaa kwa muda mrefu, na hali hiyo imepita majuma sita, usikae kutafuta nani kamloga. Mpeleke kwa daktari. Renoir alikosa dawa kwa sababu dawa haikuwako, na bado akafanya kazi mpaka mwisho. Sisi ambao dawa iko katika siku zetu tutajitetea kwa neno gani?